Dripu ya kemo na siku 21 zake: kichefuchefu kina siku zake, homa ina zake

Siku ya kwanza ya tibakemia, yaani kemo, dawa za kuua saratani, mgonjwa huambiwa mambo mengi kwa mkupuo: utatapika, nywele zitatoka, mdomo utauma, damu itashuka. Anarudi nyumbani amebeba hofu yote kwa wakati mmoja, na ndugu wanaomuuguza hawajui waanze kujiandaa na lipi. Lakini kero hizi haziji pamoja. Kila moja ina siku zake za kuingia na za kutoka, na anayezijua siku hizo hupika tofauti, hulala na dawa karibu, na hujua ni usiku upi asizime simu.

Sababu ni moja. Dawa hizi hushambulia chembe zinazogawanyika haraka, na saratani ni mojawapo. Bahati mbaya mwilini kuna nyingine zenye tabia hiyo hiyo: uboho wa mifupa unaotengeneza damu, ngozi laini ya mdomoni na ya utumbo, na mashina ya nywele. Ndiyo maana huumwa hapo. Na ndiyo maana dawa nyingi hurudiwa kila baada ya siku 21: ni muda ambao uboho unahitaji ili kujaza tena damu. Nyingine hurudiwa kila siku 14, na paklitakseli mara nyingi hutolewa kila wiki, kwa hiyo uliza ratiba yako ni ipi. Humu tutahesabu siku ya dripu kuwa siku ya 1.

Kabla ya lolote, nunua vitu viwili: daftari dogo na kipimajoto cha kidijitali. Ukurasa wa kwanza wa daftari andika majina ya dawa ulizowekewa, yote, siyo neno "kemo" tu. Mwombe nesi akuandikie. Kuna ushauri humu unaofaa dawa moja na kudhuru kwa nyingine, na daktari wa zamu utakayemkuta usiku hospitali ya karibu na kwenu atahitaji majina hayo kuliko maelezo marefu. Andika pia namba ya simu ya wodi au kliniki yako. Kurasa zinazofuata ni za kila siku: joto asubuhi na jioni, choo mara ngapi, umetapika mara ngapi, umekula nini.

Siku ya dripu

Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla: uji, mkate, viazi vya kuchemsha. Usile chakula unachokipenda kuliko vyote. Kichwa huunganisha ladha na kichefuchefu kinachofuata, na mtu aliyekula pilau ya kuku kabla ya dripu anaweza kuichukia miezi mingi baada ya matibabu kwisha. Kunywa maji vizuri tangu jana yake, maana mshipa wa mtu mwenye maji mwilini huonekana upesi. Mshipa ukikataa, loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kuchomwa.

Dawa ikiwa inaingia, usisinzie ukasahau mkono. Ukisikia pale penye kanula, kile kibomba kilichoingizwa mshipani, panachoma, panauma au panavimba, mwite nesi papo hapo, hata kama amepita sekunde ishirini zilizopita. Dawa kama doksorubisini na vinkristini zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama na kuacha kidonda kibaya. Wagonjwa wengi wa kwetu huvumilia kwa adabu ili wasimsumbue nesi. Hapa uvumilivu unakugharimu mkono.

Doksorubisini ni dawa nyekundu, na mkojo huwa mwekundu siku moja au mbili baada yake. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Saiklofosfamidi nayo huchubua kibofu: kunywa maji lita 2 hadi 3 siku hiyo na kesho yake, kama daktari hajakuzuia kwa sababu ya moyo au figo, na ukakojoe kila baada ya saa mbili, hata kabla ya kulala. Ukiona mkojo mwekundu baada ya siku ya 3, au unaungua unapokojoa, hiyo si rangi tena, rudi hospitali. Kwa wanaofunga Ramadhani, siku hizi maji ni sehemu ya matibabu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Oksaliplatini ina tabia yake peke yake: inafanya mishipa ya fahamu ichukie baridi. Ukinywa maji ya friji, koo hukaza kana kwamba unakabwa; ukishika chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu, vidole huchoma kama umeshika waya wa umeme. Haiui, lakini inatisha. Kwa siku 5 hadi 7 kunywa vitu vya kawaida au vya moto, vaa soksi, usikae mbele ya kiyoyozi, na umwachie mtu mwingine kazi ya kutoa vitu kwenye friji.

Siku ya 1 hadi ya 5: kichefuchefu

Kosa kubwa tunaloliona ni hili. Mgonjwa anapewa vidonge vya kuzuia kutapika vya siku tatu au nne. Siku ya 2 anaamka vizuri, anasema mimi dawa hii imenikubali, anaviweka vidonge pembeni ili visiishe. Siku ya 3 anatapika hadi nyongo. Kichefuchefu cha sisplatini, na cha doksorubisini ikiunganishwa na saiklofosfamidi, kina mawimbi mawili: la kwanza ndani ya saa 24, la pili kati ya siku ya 2 na ya 5. Vidonge vya siku ya 2 ni vya kuzuia wimbi la siku ya 3. Vimeze kwa saa kama ulivyoandikiwa, uwe unajisikia vibaya au vizuri. Kichefuchefu kikishashika, kidonge hakikai tumboni, na kilichotapikwa hakimsaidii mtu.

Ujue kila kidonge kina kazi gani. Ondansetroni, kwa kawaida ya miligramu 8, huzuia vizuri lakini hufunga choo na huleta kichwa kuuma. Deksamethasoni imezwe asubuhi pamoja na chakula. Ikimezwa jioni mtu hukodoa macho hadi alfajiri, na mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi maana itapanda. Olanzapini hutolewa usiku kwa sababu inalaza. Anayeinywa asiendeshe bodaboda kesho yake asubuhi kabla hajajua imemkaa vipi. Metoklopramidi inasaidia, ila shingo ikianza kujikunja, macho kupanda juu au mwili kushindwa kutulia, iache na uende hospitali. Kuna sindano ya kuondoa hali hiyo. Ukitapika kidonge ndani ya nusu saa, piga simu uulize kama urudie.

Jikoni, adui ni harufu. Kitunguu kikikaangwa, samaki, mafuta yaliyochoka, mkaa unaowashwa, hata udi na manukato ya mgeni. Kama inawezekana chakula kipikwe nje au kwa jirani, kisha kiletwe kikiwa kimepoa, maana chakula cha moto hutoa harufu zaidi. Mgonjwa akila robo sahani kila baada ya saa mbili atapata kingi kuliko akilazimishwa sahani nzima mchana. Vinavyokaa tumboni siku hizi ni vikavu na visivyo na mafuta: biskuti, mkate uliochomwa, viazi vya kuchemsha, wali mweupe, ndizi mbivu, uji mwepesi. Vinywaji vinywewe kati ya mlo mmoja na mwingine, kidogo kidogo. Glasi nzima pamoja na chakula hujaza tumbo na kuligeuza. Chai ya tangawizi husaidia baadhi ya watu na haina ubaya kwa kiasi cha jikoni.

Mama zetu na dada zetu wanaouguza hupenda kusema "jikaze ule, dawa inataka chakula". Siku ya 2 na ya 3 maji ndiyo ya kupigania. Chakula kitarudi siku ya 5 au ya 6, na hapo ndipo pa kulipiza. Ila kama anatapika saa 24 na hata maji hayakai tumboni, au saa nane zimepita hajakojoa, apelekwe akawekewe maji ya dripu.

Chakula kikirudi, kikolezwe. Bakuli la uji lenye kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na maziwa yaliyochemshwa linampa mgonjwa nguvu mara mbili ya uji mtupu kwa tumbo lile lile dogo. Nyama ikiwa na ladha ya chuma mdomoni, jambo la kawaida kabisa, achana nayo kwa muda: mayai yaliyoiva, maharage, choroko, dengu, dagaa na samaki vinajenga mwili vilevile. Kijiko cha plastiki au cha mbao badala ya cha chuma hupunguza ladha hiyo.

Choo

Ondansetroni, morfini na vinkristini zote hufunga choo, na vinkristini inaweza kuulaza utumbo wenyewe. Usingoje siku ya 4. Mwombe daktari dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya dripu, na uongeze maji, papai, mboga za majani na kutembea. Siku tatu bila choo, tumbo likijaa na kuuma, piga simu. Usitumie dawa ya kuweka njia ya haja kubwa wala kupiga bomba: kwenye siku ambazo chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na maambukizi, ziko chini, mchubuko mdogo huko nyuma ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu.

Kuharisha ni upande wa pili. Changanya pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1 nzima. Kuna watu huimimina yote kwenye glasi moja, ikawa chumvi tupu inayozidisha kuharisha. Kama hakuna pakiti: maji safi lita 1, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Madafu ni mazuri lakini yana chumvi ya kawaida kidogo mno, hayashiki nafasi ya ORS. Maziwa, pilipili na vyakula vya mafuta vipumzike. Dawa ya kuzuia kuharisha usinunue mwenyewe kama kuna homa au damu kwenye choo.

Kwa anayemeza vidonge vya kapesitabini nyumbani kuna sheria ya kushika kwa kichwa: ukienda choo mara 4 zaidi ya kawaida yako kwa siku, au ukiamshwa usiku na kuharisha, simamisha vidonge siku hiyo hiyo na upige simu. Kumalizia pakiti kwa sababu imelipiwa kumewaingiza watu wodini.

Mdomo

Vidonda vya mdomoni huanza karibu na siku ya 5 na huisha karibu na siku ya 14, wakati chembe nyeupe zinapopanda. Usafi uanze kabla havijatokea. Chemsha maji lita 1, yapoe, tia kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha chai cha bekin soda. Sukutua nusu dakika, tema, mara 4 hadi 6 kwa siku, hasa baada ya kula na kabla ya kulala. Tengeneza mapya kila siku. Bekin soda si bekin pauda, na wala si magadi ya kulainishia maharage; magadi ni makali na yataunguza mdomo ambao tayari umechubuka. Dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti nazo ziache.

Mswaki uwe laini, uloweke kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kupiga. Ndimu, ukwaju, nanasi, pilipili na chipsi zenye kingo kali vingoje. Meno ya bandia yavuliwe usiku. Ukiona utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, hao ni fangasi. Kuna dawa yake, usiukwangue. Mdomo ukiuma hata mate hayamezeki, unahitaji dawa ya maumivu ya kweli. Hilo ni jambo la hospitali, si la kuvumilia.

Kwa wanaopewa floro-urasili ya kusukumwa kwa sindano kwa muda mfupi, kumumunya barafu kuanzia dakika 5 kabla hadi jumla ya dakika 30 hupunguza vidonda, kwa sababu baridi hubana mishipa ya mdomoni na dawa hufika kidogo. Lakini ikiwa umechanganyiwa na oksaliplatini, barafu ni marufuku kwa sababu tuliyoitaja juu. Hapa ndipo daftari lenye majina ya dawa linapofanya kazi.

Siku ya 7 hadi ya 14: homa

Ukisoma sehemu moja tu ya ukurasa huu, soma hii.

Chembe nyeupe za damu huishi muda mfupi, na uboho uliopigwa na dawa hautengenezi nyingine haraka. Kwa ratiba nyingi za siku 21 hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Kibaya ni kwamba mgonjwa siku hizo mara nyingi anajisikia vizuri: kichefuchefu kimeisha, hamu ya kula imerudi, anataka kwenda harusini. Bakteria wanaoishi kwenye utumbo na mdomo wake mwenyewe wanaweza kuvuka na kuingia kwenye damu, na bila chembe nyeupe hakuna usaha, hakuna uvimbe, hakuna dalili nyingine. Homa huwa ndiyo kengele pekee.

Pima joto kila asubuhi na jioni, na wakati wowote ukisikia baridi au kutetemeka. Kipimajoto cha mdomoni, subiri nusu saa baada ya chai. Cha kwapani, kausha jasho kwanza, bana mkono hadi kilie, na ukumbuke kwamba kwapa husoma pungufu kwa takriban nusu nyuzi. Nyuzi 38 ni dharura. Nyuzi 37.5 kwapani, piga simu na upime tena baada ya saa moja. Kutetemeka kwa baridi, kupumua haraka au kuchanganyikiwa ni dharura hata kipimajoto kikisoma 36.5.

Usimeze Panadol kwanza. Inashusha joto, inanyamazisha kengele, na bakteria wanaendelea. Ukishapima na kuandika, na umeshafika au kuzungumza na hospitali, hapo watakuambia umeze nini.

Kwetu kuna mtego mwingine: malaria. Mtu akipata homa hupelekwa zahanati ya jirani, anatobolewa kidole, kipimo cha haraka kinasoma malaria, anapewa dawa ya mseto na kurudishwa nyumbani. Huenda kweli ana malaria. Lakini malaria haizuii kuwa na bakteria kwenye damu wakati huo huo, na hao wa pili wanaua kwa saa, si kwa siku. Mgonjwa wa kemo mwenye homa apimwe malaria, na pia apimwe picha kamili ya damu na kuanzishiwa dawa za kuua bakteria kwa njia ya mshipa, ndani ya saa 1 tangu afike. Mapokezi usiseme tu "ana homa" ukapangwa foleni. Sema hivi: "Huyu yuko kwenye dripu za saratani, ya mwisho ilikuwa siku 9 zilizopita, joto lake ni 38.2, anahitaji kuonwa sasa hivi." Toa daftari.

Wagonjwa wengi hutoka mbali. Anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huenda siku ya 10 yuko kwao Kigoma au Lindi. Wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, yuko Turkana. Kabla hujapanda basi la kurudi, mwulize daktari: nikipata homa nikiwa nyumbani, niende hospitali gani inayoweza kupima damu na kutoa dawa za mshipa usiku? Uandike jina lake. Na nauli ya dharura itengwe kwenye bahasha isiyoguswa. Bajeti ya matibabu huhesabu dripu na kipimo cha damu, lakini gari la saa nane usiku husahaulika, na ndilo linalochelewesha.

Kinga ya nyumbani siku hizi ni ya kawaida tu, ila ifanywe kweli. Sabuni na maji kabla ya kula na baada ya choo, kwa mgonjwa na kwa wote wanaomgusa. Mwenye mafua asiingie chumbani, awe shangazi au shehe. Misiba na sherehe zenye msongamano zimpite hadi siku ya 15; akilazimika, avae barakoa na asimame uwanjani. Banda la kuku na zizi visafishwe na mwingine. Alale kwenye chandarua.

Kuhusu chakula, hakuna haja ya kumnyima mgonjwa matunda na mboga mbichi zote. Utafiti umeonyesha kwamba kumwekea marufuku hizo hakupunguzi maambukizi. Kinachohitajika ni usafi: matunda ya kumenya yamenywe na aliyenawa, kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa na iliwe muda ule ule, maziwa yachemke, yai liive hadi ndani, mishikaki isibaki na wekundu, juisi ya barabarani isubiri. Kiporo kilicholala nje ya friji kisimfikie.

Siku hizo hizo chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo hushuka. Usitumie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni bila ruhusa. Kwa anayetumia sisplatini dawa hizo za maumivu zinaumiza na figo pia. Usichomwe sindano ya tako. Usinyoe kwa wembe. Pua ikitoka damu, kaa umeinama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Ikiendelea, au ukiona madoa mekundu madogo kama vichwa vya pini miguuni, nenda.

Rozela, mstafeli na vya kuongeza damu

Damu ikipimwa kabla ya dripu na kukutwa iko chini, dripu huahirishwa, na ndugu huanza kuchemsha rozela, kukamua kiazisukari chekundu na kutafuta maini. Nia ni njema. Lakini mara nyingi kilichopungua ni chembe nyeupe, na hizo hazipandi kwa rozela wala kwa chakula chochote. Zinapanda kwa muda, au kwa sindano za filgrastimu ambazo daktari huamua. Uliza: ni damu gani iliyoshuka, nyekundu, nyeupe, au sahani? Jibu hilo litawapunguzia gharama na lawama. Nyekundu ikishuka, chuma husaidia kama ni chuma kilichopungua, na hilo hupimwa. Vinginevyo huenda ni damu ya kuongezewa.

Majani ya mstafeli, mlonge, mwarobaini, unga wa manjano wa vijiko kwa vijiko: hatusemi kwa dharau, watu wanatafuta uzima. Tatizo ni kwamba dawa za kemo husafishwa na ini na figo, na mimea mikali hupita njia hiyo hiyo. Dawa ikikwama mwilini madhara yake huzidi. Ikitolewa haraka saratani inanusurika. Hata balungi huzuia ini kuvunja baadhi ya dawa. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Cha kumeza kwa vikombe, mwambie daktari kwa jina, naye asikugombeze. Na wakati wa matibabu ni heri kukiacha. Wanaotumia ARV, dawa za kufubaza VVU, waendelee nazo bila kukosa, ila daktari wa saratani ajue majina yake, kwa sababu baadhi, kama zidovudini, nazo hushusha damu.

Kero zinazokuja polepole

Ganzi ya vidole haifuati kalenda ya siku 21. Hujumlika dripu baada ya dripu, hasa kwa paklitakseli, vinkristini, sisplatini na oksaliplatini. Dalili za mwanzo ni ndogo: vifungo vya shati vinasumbua, sarafu inateleza, ndala inavuka mguuni na mtu hajui. Wengi huficha wakiogopa dawa itasimamishwa. Daktari akijua mapema anaweza kupunguza kiasi au kubadilisha dawa. Akijua mwishoni, ganzi inaweza kubaki. Nyumbani, pima maji ya kuoga kwa kiwiko, vaa viatu vilivyofungwa, kagua nyayo kila jioni, na sufuria ya moto ishikwe na mwingine.

Kapesitabini huleta wekundu na kuchubuka viganjani na nyayoni. Kufua kwa mikono, kutwanga, kupalilia na maji ya moto huzidisha. Paka krimu yenye urea asilimia 10 tangu mwanzo, mara mbili kwa siku.

Nywele huanza kutoka wiki ya 2 au ya 3, na si kwa kila dawa. Nyoa mapema kwa mashine. Funika kichwa juani. Usisuke, usitie dawa ya nywele. Zitaota. Piko jeusi liache. Lina kemikali zinazounguza ngozi.

Uchovu haulaliwi ukaisha. Dakika 10 hadi 15 za kutembea asubuhi, kila siku unayoweza, hupunguza uchovu kuliko kulala mchana kutwa. Ukiishiwa pumzi kwa kupanda ngazi chache, pima damu.

Saa 48 za kuwalinda wengine

Dawa hutoka kwa mkojo, kinyesi, matapishi na jasho, hasa saa 48 za kwanza. Anayesafisha avae glovu. Mjamzito asifanye kazi hiyo. Mwanaume akojoe ameketi, choo cha maji kifunikwe na kuvutwa mara mbili, choo cha shimo kimwagiwe maji na kifunikwe. Shuka na kanga zilizochafuka zifuliwe kwenye beseni lake, mara mbili, mbali na nguo za mtoto. Wanandoa watumie kondomu siku hizo, na uzazi wa mpango kipindi chote cha matibabu na miezi kadhaa baadaye kama daktari atakavyosema. Anayenyonyesha aache. Kukumbatiana, kula pamoja na kulala kitanda kimoja havina tatizo lolote, na watoto waambiwe hivyo wazi.

Siku ya 20 au 21, ukienda kupimwa damu, usijibu "naendelea vizuri" kwa heshima. Fungua daftari na usome: nilitapika mara 6 siku ya 3, vidonda vilinizuia kula siku nne, vidole vya mkono wa kulia vina ganzi. Kuna dawa ya kuongeza, kuna kiasi cha kupunguza, kuna sindano ya kuweka kesho yake, na hayo yote huamuliwa hapo, kabla dripu ya pili haijafunguliwa.